Zamu

Fomu ya kliniki pale Ngara iliuliza jina la mgonjwa.
Nikaandika: Kaniki.
Ikauliza umri. Nikaandika: miaka minne hivi,
tangu nilipomtoa chini ya boneti ya gari la jirani
akiwa na ukubwa wa soksi.
Ikauliza jina la mzazi au mlezi.
Kalamu ilisita, kisha nikaandika langu lote,
Wakesho Mwachofi, kama mtu anayesaini mkopo.

Daktari Naliaka alimtoa tone la damu
akalidondosha kwenye kile kidude cheupe
ninachokijua kama kiganja changu.
Mimi ni mtu wa maabara. Miaka kumi na mmoja
nimewaona watu wazima wakitetemeka mbele ya mstari wa pili,
nami huwaambia: kaa hapa, pumua, kunywa maji.
Mstari wa pili ulikuja polepole,
kama mgeni asiye na hakika ya nyumba.
Hakuna aliyeniambia pumua.

“Kirusi cha saratani ya damu,” alisema daktari.
“Hakimpati binadamu,” akaongeza upesi,
kana kwamba hilo ndilo nililotaka kujua.
Hakuna dawa ya kukiondoa. Kuna chakula kizuri,
joto, utulivu, na kumtenga na wenzake.
“Una mwingine nyumbani?”

Ninaye. Tui, mweupe. Damu yake ilitoka safi.

Basi chumba na sebule vimekuwa nchi mbili:
Kaniki kule, Tui huku, mlango katikati.
Nami kama mume wa mitala nagawa zamu,
leo godoro, kesho kochi.
Aliyekosa zamu hulia hadi saa nane za usiku
na jirani wa juu hutugongea kwa kisigino.

Shangazi alipiga simu kutoka Wundanyi.
“Paka ana roho saba,” akacheka, “wewe una mshahara mmoja.”
Akauliza sindano ile ni bei gani.
Nilitaja nusu, na hata nusu hiyo ilimnyamazisha.
Simlaumu. Mwaka juzi alimeza dawa ya presha
siku moja ndiyo, siku moja siyo,
akiinyoosha ifike mwisho wa mwezi.
Usiku ule nilimtumia pesa kidogo,
si kwa wema. Kwa aibu.

Kazini, chini ya darubini,
nahesabu chembe nyeupe za mtu nisiyemjua,
na nikikaribia mia naziona fizi za Kaniki,
zilivyopauka kama kanga iliyofuliwa mno.
Napoteza hesabu. Naanza upya.
Mtu yule hatajua kamwe
kwamba alihesabiwa mara mbili kwa ajili ya paka.

Baridi ya Julai imekaa dirishani kama mdai.
Nimechemsha omena bila chumvi,
nikawatoa vichwa mmoja mmoja.
Anakula watatu, anamnusa wa nne,
kisha ananitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyekataa kula.
Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa.
Hawakusema mwenye nyumba afanyeje
paka anapoanza kuondoka mwenyewe, kidogo kidogo,
akiwa bado amelala mapajani.

Leo nimerudi kutoka zamu ya usiku kabla hakujakucha.
Sikuwasha taa.
Tui amelala kifudifudi mlangoni,
mguu wake umepotea chini ya ubao hadi kwenye kiwiko,
na kando yake, ukichomoza kutoka upande wa pili,
mguu mweusi, kucha zimefichwa.

Kirusi hupita kwenye mate. Najua.
Miguu haina mate, nimejiambia,
mimi niliyewaona wakijilamba mchana kutwa.

Sikumbuki ni zamu ya nani.
Nimeketi sakafuni na koti langu la kazi,
nikaacha dakika tano zipite
kabla ya kwenda kutafuta taulo la kuziba.